Mdundo Usiokuwa Wake

Katika mtaa wa Attercliffe, mjini Sheffield, watoto walilala na kuamka kwa sauti ya nyundo. Haikuwa nyundo ya fundi wa viti. Ilikuwa nyundo ya mvuke, kubwa kama nyumba, iliyofua vyuma kiwandani nyuma ya safu zao za nyumba za matofali meusi. Ilipopiga, vikombe vilicheza kabatini. Mgeni aliyelala mtaani hapo hakupata usingizi. Wenyeji wao walikosa usingizi siku za sikukuu, nyundo iliponyamaza.

Neville Staniforth na Gordon Oxley walizaliwa humo, nyumba zao zikitenganishwa na ukuta mmoja. Neville alikuwa mwembamba, mwingi wa maneno, mtundu wa vitu vya umeme. Redio ya babake aliifungua na kuifunga hata mzee akakata tamaa ya kusikiliza mpira. Gordon alikuwa na mwili mkubwa, mpole, asiye na haraka, ila mikono yake haikujua kutulia. Kijiko, penseli, funguo, chochote alichoshika kiligeuka fimbo ya ngoma. "Gordon, hiyo meza imekukosea nini?" Sauti hiyo ya mamake, Ivy, ilivuka ukuta kila jioni.

Siku moja walikuwa jikoni kwa Anti Ivy, kama Neville alivyomwita tangu utotoni, wakisubiri chai. Gordon akainua kidole.

"Umewahi kuisikiliza ile nyundo vizuri? Ina kilema."

"Kilema gani?"

"Tega sikio. Inakwenda, inakwenda, halafu inajikwaa, kama mlevi aliyekosa ngazi. Halafu inakimbia kuwahi wenzake."

Akachukua vijiko viwili akaupiga mdundo ule mezani, na kujikwaa kwake, na kuwahi kwake. Neville akacheka, kisha akaacha kucheka, kwa maana mguu wake ulikuwa umeshaanza kucheza wenyewe.

Walipofika umri wa kufanya kazi, Gordon aliingia kiwandani, Neville akaingia duka la kutengeneza televisheni. Jioni walikuwa na bendi. Neville aliunda kinanda cha umeme kwa vipande alivyoagiza kwa posta, kikawa kinalia kama nzi ndani ya bomba. Mwimbaji wao alikuwa Lorraine Firth, muuza viatu, mwenye sauti kavu isiyobembeleza mtu na nywele alizozinyoa upande mmoja. Bendi wakaiita Tanuru Baridi. Miaka ile ya themanini ilipoingia, Sheffield nzima ilikuwa hivyo: kila karakana ya visu iliyofungwa ilikuwa na vijana juu ghorofani na vinanda vyao, gitaa likionekana kitu cha wazee, na kila kijana amejipaka wanja.

"Gordon, njoo nikupake," Lorraine alimwambia kabla ya onyesho lao la kwanza.

"Thubutu! Nikienda zamu ya asubuhi na macho hayo, watanitia mimi tanuruni badala ya chuma."

Lakini tanuru lenyewe halikudumu. Kiwanda kilifungwa, wanaume wakatoka getini na masanduku yao ya vyakula kana kwamba ni jioni ya kawaida, na ile nyundo ikanyamaza moja kwa moja. Gordon alikuja mazoezini siku hiyohiyo. Alikaa nyuma ya ngoma zake, akasema, "Haya. Sasa nimebaki na ninyi tu." Wakacheka wote. Neville alikuja kulikumbuka neno hilo miaka mingi, wala halikumchekesha tena.

Mwaka uliofuata, kampuni moja ya santuri ya London ilimtuma mtu wake kuwasikiliza. Jina lake Rupert Vane, prodyusa, koti lake limepandishwa mikono hadi kiwikoni ingawa ilikuwa baridi. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Walipomaliza, Gordon alishuka na ngoma zake kuzipakia garini, na Rupert akangoja nyayo zake ziishie ngazini.

"Nawachukua," akasema. "Tunarekodi albamu nzima. Lakini bila yule."

"Bila nani?" Lorraine akauliza, ingawa alishaelewa.

Rupert akafungua begi, akatoa kijisanduku chenye vitufe, kisichozidi ukubwa wa mkate. "Huyu ndiye mpiga ngoma wenu. Halewi, hali, hachelewi. Ngoma za mtu zina jasho, na watu sasa hawataki jasho, wanataka mng'aro. Rafiki yenu mwambieni wenyewe. Mimi simjui."

Lorraine alimtazama Neville. "Nyie mmekulia ukuta mmoja. Ni wewe wa kumwambia."

"Nitamwambia," Neville akasema.

Na kweli alikwenda kumwambia. Alimkuta jikoni kwa mamake akiwamba ngozi mpya kwenye ngoma kubwa, Anti Ivy akikaanga soseji. Alikuwa ameyapanga maneno yake njiani kama mtoto anayekwenda kukariri darasani. Gordon akainua uso, uso wote umejaa furaha.

"Nasikia jamaa kakubali! Tunaondoka lini?"

Mdomo wa Neville ukafunguka, na kilichotoka sicho alichokipanga. "Alhamisi. Tutakupitia saa nne."

"Nitawafungia sandwichi," Anti Ivy akasema bila kugeuka. "Huko London mtakula nini?"

Alhamisi hiyo Neville na Lorraine waliondoka alfajiri, kutoka upande wa pili wa mji, nyumbani kwa akina Lorraine. Walipoingia barabara kuu, Lorraine akauliza, "Alisemaje?"

"Alipokea vizuri."

"Kweli?"

"Unamjua Gordon. Aliniambia nikuletee salamu."

Uongo wa kwanza ulimtoka kwa woga. Huu wa pili ulimtoka laini kabisa, na hilo ndilo lililomtisha. Njia nzima alijifanya amesinzia.

Siku ya pili alimpigia mamake simu kutoka kibandani nje ya studio. Mamake hakuuliza habari za London.

"Kuna jambo sijalielewa, Neville. Jana mtoto wa Ivy alisimama kando ya barabara na ngoma zake zote. Asubuhi nzima. Mvua ikaanza, akavua koti akazifunika ngoma. Ivy akatoka kumwita ndani, yeye anasema, 'Watakuwa wamekwama njiani tu, Mama.' Hebu niambie, mwanangu. Mlikwama?"

Neville akasema sarafu zimekwisha, akaweka simu chini. Zilikuwa zimejaa mkononi.

Hapo ndipo mtu angedhani kwamba atapanda treni arudi nyumbani, au japo ataandika neno la kuomba radhi. Hakufanya hivyo. Alirudi studio, kwa kuwa Rupert alikuwa anamsubiri, na kwa kuwa kila saa iliyopita ilifanya neno la kusema liwe zito zaidi.

Studio nako mambo hayakwenda. Kile kijisanduku kilipiga sawasawa, sawasawa, mpaka nyimbo zikawa kama maiti aliyevishwa nguo za harusi. Rupert alizungukazunguka. "Kuna kitu kinakosekana. Sijui ni nini."

Neville alijua. Akavuta kiti, akaanza kubonyeza vitufe kimoja kimoja: mdundo uende, uende, ujikwae, ukimbie kuwahi. Alipouachia, kioo cha chumba cha kurekodia kikatetemeka. Rupert aliruka juu.

"Hicho! Hicho hicho! Umekitoa wapi?"

Lorraine naye alikuwa amegeuka. Alimkazia macho Neville, akisubiri jibu lake.

"Kimenijia tu," Neville akasema.

Lorraine alivaa vipokea sauti akaimba, na wanasema hakuna siku aliyoimba kwa ubaridi kama siku ile.

Albamu ilitoka kabla ya Krismasi, jina lake Zamu ya Asubuhi. Jaladani walikuwa wawili tu, mashavu yamechongwa kwa kivuli, wanatazama pembeni kama watu waliosahau wapi wameacha funguo. Nyuma, kwa herufi ndogo, iliandikwa: Vinanda na midundo, Neville Staniforth. Wimbo wa kwanza ukapanda chati, wakaitwa televisheni, wasichana wa Sheffield wakaanza kunyoa nywele upande mmoja. Neville alikuwa amepata kila alichokitaka, na akawa hawezi kula.

Alirudi nyumbani kwa sikukuu akipita njia za nyuma. Lakini foleni ya samaki na chipsi haina njia ya nyuma. Alihisi mtu amesimama karibu naye, akageuka, ni Anti Ivy, kitambaa kichwani.

"Nilisikia wimbo wenu redioni," akasema polepole. "Nilikuwa naosha vyombo. Nikapiga kelele, 'Gordon, acha meza yangu!' Kisha nikakumbuka Gordon hayupo. Ameenda Ujerumani kujenga majumba ya watu."

"Anti Ivy, mimi..."

"Nimemlea yule mtoto, Nevi. Unafikiri sijui kugonga kwake?"

Foleni nzima ilikuwa imegeuka kuwatazama. Muuzaji alikuwa ameshaweka kifurushi cha Neville kaunta.

"Chukua chipsi zako," Anti Ivy akasema. "Zinapoa."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Albamu yao ya pili haikununuliwa, sauti mpya zikaja, Lorraine akaolewa Kanada, Neville akarudi Sheffield akawa fundi wa vinanda vya makanisa. Ilikuwa kazi ya heshima na aliipenda. Lakini ule wimbo haukufa. Ulimkuta harusini, ulimkuta kwa kinyozi. Ulipompata dukani katikati ya rafu za sabuni, aliacha kikapu chake hapohapo akatoka nje, na wauzaji walishamzoea. Watu walimpiga bega: "Ule mdundo, bwana! Uliutoa wapi?" Yeye alitabasamu tu. Anti Ivy alipofariki, Neville alisimama ng'ambo ya barabara jeneza likipita, kofia mkononi, akashindwa kuvuka.

Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe alipopigiwa simu na binti mmoja wa kampuni ndogo. Walitaka kuitoa albamu upya, na binti alitaka kuandika jinsi mdundo ule ulivyozaliwa.

"Haukuwa wangu," Neville akasema.

"Samahani?"

"Ni wa Gordon Oxley." Alishangaa jinsi jina lilivyokuwa jepesi kutamka. "Lakini usiandike kwanza. Lazima nimwulize."

Gordon alikuwa amerudi zamani kutoka Ujerumani, anaishi Rotherham, mwendo mfupi tu wa basi. Kwa miaka yote hiyo, mwendo mfupi tu wa basi. Neville alimkuta mlangoni akihangaika na kabati la nguo alilokuwa anamhamishia bintiye juu.

"Nevi," Gordon akasema, akimtazama kutoka juu hadi chini. "Umezeeka vibaya."

"Na wewe umenenepa vizuri."

Hakukaribishwa kiti. Akasema yote palepale wamesimama: Alhamisi, koti, vitufe, jina jaladani. Gordon alisikiliza huku ameegemea kabati. Vidole vyake, Neville aliona, vilikuwa vimetulia kabisa.

"Mashine haikuniuma," Gordon akasema hatimaye. "Nilishafukuzwa kazi mara moja, nikazoea. Mdundo wenyewe niliuiba kwenye nyundo. Kilichoniuma ni kwamba Mama alikuwa akikutukana, na mimi nikikutetea. Asubuhi nzima nilikuwa wakili wako."

"Ulijua lini kwamba hatuji?"

"Mvua ilipoanza."

"Sasa mbona uliendelea kusimama?"

"Sikujua nitaingiaje ndani. Majirani wote walikuwa dirishani."

Neville akalia. Gordon alimwachia alie, bila kumgusa.

"Nisamehe, Gordon."

"Hilo sijui," Gordon akajibu, si kwa ukali. "Sitakudanganya. Jina waandike, wasikosee tu herufi. Mama angependa." Kisha akapigapiga kabati kwa kiganja. "Mgongo wako mzima? Basi shika huku, upande mzito."

Wakalipandisha ghorofani, hatua kwa hatua, wakiambiana "taratibu" na "kona hiyo" na basi.

Albamu ikatoka na jina la Gordon Oxley. Mwandishi wa gazeti akamsifu Neville kwa ukarimu wake, mtu mkubwa asiyetaka sifa peke yake. Neville alisoma mpaka mwisho, akampigia mwandishi huyo simu.

"Umeandika vibaya. Andika kwamba nilimwacha kwenye mvua na ngoma zake, nikamdanganya mbele ya mamake jikoni."

Mwandishi akacheka kwa adabu. "Mzee, hayo ya zamani. Watu wanataka kusikia mlivyopatana."

"Hatujapatana. Tulibeba kabati."

"Hilo zuri pia," mwandishi akasema, "lakini nafasi imejaa."