Raba na Mafuta ya Nazi

Baba alipofariki nilirithi gari lake kuukuu pamoja na kelele yake. Kila mara gurudumu la mbele la kushoto lilipoingia shimoni, chini kulisikika ngo! Nililiendesha hivyo miezi, nikiisikia kelele ile kama redio ya jirani. Siku hizo sikuwa na huzuni wala furaha. Nilikula nikipewa. Watu walisema nina subira. Haikuwa subira, ndani hamkuwa na kitu.

Mama ndiye aliyenifanya nilitazame gari lile. Presha yake ilikuwa imepanda, na kila siku ya kliniki nilimtoa kijijini kwetu Kanga kumpeleka hospitali Kilindoni. Njia nzima alishika kishikio cha mlango, anajikaza asigune. Nikawaza, gurudumu likichomoka njiani nitamzika na yeye.

Fundi wa kijijini alisikiliza mara moja akatoa hukumu: shokapu. Kwa mafundi wetu kila ugonjwa wa gari ni shokapu, kama kila homa ilivyo malaria. Nikaagiza mpya, zikaja kwa boti kutoka bara, tukafunga. Gari likaacha kuyumba. Ile ngo ikabaki palepale.

Basi nikaanza mwenyewe, taratibu, maana sikuwa na haraka ya jambo lolote. Nililalia boneti kwa uzito wangu wote nikaachia. Gari likapanda mara moja, likatulia. Shokapu hazina kosa. Springi nazo hazikuwa na ufa. Nikapiga jeki, nikategesha gogo, nikatikisa tairi juu na chini, kisha kushoto na kulia. Halikucheza. Mwisho nikapenyeza mtaimbo kati ya fremu na ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini, nikabinya. Chuma kikaenda, kikarudi, kikasema ngo. Hapo hukaa bushi, raba nene inayozuia chuma kisigonge chuma. Nikaigusa. Ilikuwa imevimba na kulainika, ikaninata kidoleni kama halua iliyosahauliwa juani. Nikanusa kidole. Mafuta ya nazi.

Mama hukuna nazi na kupika mafuta mwenyewe, na kwetu mafuta hayo hutibu kila kitu, kuanzia bawaba hadi nywele. Kila Ijumaa baba akirudi msikitini alizipaka raba za chini ya gari, ati zisilie. Alipofariki, mama akaishika kazi hiyo. Katika eda mwenyewe hakujipaka chochote, gari alilipaka. Alitandika mkeka uani, akajilaza, akaingiza mkono mpaka kiwiko kikang'aa. Ilikuwa kazi pekee ya mumewe iliyobaki mikononi mwake, na sasa mimi nimnyang'anye.

"Mwambie bi mkubwa mafuta yanakula raba," fundi alisema tulipofunga bushi mpya. "Akizipaka na hizi, tutarudi hapahapa."

"Mwambie wewe."

"Kwani mama yangu yule?"

Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Ijumaa mama akatoka na mkeka na kibakuli chake. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanipotea.

"Mama, usipake tena. Mafuta ndiyo yaliyoharibu raba."

Akasimama. "Mafuta ya nazi haya?"

"Haya. Raba inavimba, inalainika, mwisho inaoza."

Akaweka kibakuli chini, akaketi barazani. Nikangoja alililie gari. Machozi nilikuwa nimeyazoea, yalinipita tu.

"Baba yako alipolala mgonjwa," akasema, "miguu ile ilipoanza kuvimba, mimi nilimkanda kwa haya haya. Asubuhi na jioni, mwanangu. Hakuna aliyeniambia niache."

Nikajua anachoniuliza. Nilitaka kumwambia kwamba mtu si raba, kwamba figo ndizo zilizomuua, na daktari alitueleza sote. Kitu kilichokuwa kimelala kifuani tangu siku ya mazishi kikageuka, kikauma, kikauma sana.

Nikautandika mkeka mbele yake, nikakaa, nikavua viatu, nikanyoosha miguu.

"Nikande na mimi, mama."

Alinitazama usoni kwanza. Kisha akavuta kibakuli, akachovya vidole.