Fundi Gramu Atafuta cha Kusomea

Mtaa mzima ulimwita Fundi Gramu, na jina lilimkaa sawasawa. Kwa miaka ishirini na sita mama huyu alikuwa akitengeneza mizani: za wauza nyama, za duka la dawa, za kliniki ya watoto, hata ile kubwa ya ghala la nafaka ambayo lazima ulale kifudifudi ndipo uzione springi zake. Kazi aliirithi kwa baba yake. Kusoma hakukurithi kwa mtu. Kulimwingia kwa sababu fundi wa mizani hungoja sana. Mteja akiondoka, mwingine huenda akaja baada ya saa mbili, na hapo katikati yeye alikuwa anaburuta stuli mpaka mlangoni penye jua, anafungua kitabu.

Mwaka ule mkono wa kulia ukaanza kumgomea. Bisibisi ilikuwa imekila kifundo cha mkono kidogo kidogo, na daktari akamwambia ashike vitu vyepesi tu, tena si kwa muda mrefu. Aliporudi karakana alichukua riwaya aliyokuwa akiisoma, akaiweka juu ya mizani. Gramu mia sita na kumi na mbili.

"Kumbe siku zote nabeba tofali," alisema peke yake.

Binti yake, kitinda mimba, alikuwa na jibu tayari. "Mama, nunua kishikwambi. Vitabu vinaingia humo, picha humo, video humo, na ukinipigia unaniona uso."

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa amekuja kuwasalimu, naye hakukubali. Alisema kuna kifaa kingine, cha kusomea vitabu tu, hakina mbwembwe na chaji yake inakaa wiki kadhaa.

"Baba mdogo, hicho kimepitwa na wakati," binti akasema.

"Hakijapitwa. Wewe ndiye huwezi kutulia na kitu kimoja."

Fundi aliwasikiliza mpaka chai ikapoa. Kilichomkera ni kwamba kila mmoja alisema chake ni chepesi, na hakuna aliyetaja gramu ngapi.

Jumamosi akafunga karakana, akatia mizani ndogo ya betri kwenye mkoba, akaenda duka la vifaa vya umeme. Dada muuzaji alimkaribisha, akamletea vyote viwili. Fundi akatoa mizani yake, akaiweka juu ya meza ya kioo.

"Mama, hiyo ya nini tena?"

"Ya kumaliza ubishi wa nyumbani kwangu."

Kishikwambi kilikuwa na gramu mia nne themanini na saba. Kile cha vitabu, mia moja sitini na nane. Dada akadhani kazi imekwisha, lakini Fundi akaomba na makava yapimwe. "Kitakuwa na nguo siku zote," alisema, "na nguo nazo zina uzito."

Kisha akataka kuvipeleka juani. Dada alisita, akatazama nyuma kama bosi yupo, akavichukua mwenyewe wakatoka naye hadi kizingitini. Kishikwambi kikageuka kioo cha kunyolea. Fundi aliona uso wake, bango la duka la pili, na unywele mmoja kidevuni ambao hakuwa na habari nao. Kile kingine kilibaki kama karatasi, herufi nyeusi tii. Akakisogeza karibu na jicho, namna anavyokagua mshale wa mizani.

"Huu wino unakaaje humu?"

"Si wino hasa," dada akasema. "Kuna vitone vidogo mno, vyeusi na vyeupe. Umeme unavisukuma, hivi vinapanda, hivi vinashuka. Vikishatulia, umeme haufanyi kazi tena mpaka ufungue ukurasa mwingine."

Fundi alicheka kwa raha. Kitu kinachotua na kubaki kimetua, hicho alikielewa.

"Ila usije ukanilaumu," dada akaongeza. "Kama una michoro ya kazi, yenye rangi, humu itakuwa ya kijivu na midogo. Na kurasa zake hazina haraka."

"Mimi mwenyewe sina haraka. Nipe kiti."

Akakaa. Kishikwambi alikishika dakika kumi na moja, kifundo kikaanza kunung'unika. Akachukua kile cha vitabu, akafungua riwaya iliyowekwa humo ya kujaribia, na hapo akasahau kutazama saa. Mwanamke mmoja kwenye hadithi alikuwa amejificha chini ya meza ya mkwewe.

"Mama," dada akamgusa bega, "umefika sura ya tatu."

Alirudi nacho nyumbani. Jumapili asubuhi alikuwa mezani akikichokonoa, mumewe mbele yake. Mume alikuwa karani mstaafu wa posta, na zamani alimshinda kwa kusoma. Siku hizi alikuwa ameviacha vitabu, akisema vina maneno mengi na mambo machache. Fundi akabonyeza hapa na pale, herufi zikakua mpaka ukurasa ukabeba mistari saba tu. Akamwinulia aone kichekesho.

Mume akasoma mstari wa kwanza kwa sauti. Akasoma wa pili. Akamaliza ukurasa, akanyoosha mkono. "Hebu lete."

Fundi akamtazama anavyosoma. Hakuwa amemwona hivyo kwa muda mrefu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini huoni maandishi?"

Mume alifungua ukurasa mwingine kwanza. "Tangu mjukuu wa kwanza azaliwe."

Mjukuu huyo alikuwa darasa la tano. Fundi akakumbuka magazeti yote aliyoambiwa, "Hebu nisomee hapa, usikie walivyoandika."

"Mimi nilidhani unaipenda sauti yangu!"

"Naipenda. Lakini na habari nazo nilizitaka."

Fundi alicheka, kisha akakasirika, kisha akamuuliza kwa nini hakusema.

"Karani asiyeona herufi?" mume akasema taratibu. "Niliona haya."

Jumanne akamshika mkono mpaka kliniki ya macho. Wakampa miwani, na dawa ya matone kwa jicho la kushoto. Kwa miwani ile angeweza kusoma kitabu chochote cha kabatini, lakini kile kifaa hakukirudisha.

Wiki ya tatu Fundi akarudi dukani, safari hii akachukua kishikwambi. Hakikuwa cha kushikwa. Alikisimamisha juu ya meza ya kazi, michoro ya springi ikang'aa kwa rangi zake, akaivuta kwa kidole kimoja mpaka skrubu ikawa kubwa kama sahani. Binti akatangaza kwa ukoo mzima kwamba yeye ndiye aliyeshinda. Shemeji naye akatangaza hivyohivyo.

Kile cha vitabu wakawa wanakigombea. Mume alikichukua asubuhi, mke jioni akirudi kutoka kazini, wote kwenye riwaya ileile, na mume akatangulia kwa sura nne. Siku moja Fundi anavua viatu akamsikia anacheka sebuleni, kicheko cha kushika mbavu.

"Kuna nini?"

"Sikwambii," mume akasema, akifuta miwani. "Fika mwenyewe."