Tone la Rangi ya Kucha

Ukitaka kuwajua watu, usiingie sebuleni kwao. Chungulia chini ya viti vya magari yao. Mama Dekio alikuwa amechungulia kwa miaka mingi, na aliyoyaona huko yalimwondolea heshima kwa wenye suti na wasio nazo. Kazi yake ilikuwa kusafisha magari ndani, kwenye gereji ya mumewe. Alishashika maziwa yaliyovunda, matapishi ya watoto, bandeji zilizotumika, na mara moja jino la mtu mzima ambalo hakuna aliyerudi kuliulizia. Hakutapika hata siku moja. Alijifunga kitambaa puani, akasugua huku akimsema mwenye gari na ukoo wake, na jioni akala chakula chake akamaliza.

Mumewe alikuwa kinyume chake. Mafundi wenzake walimwita Bwana Pasi, kwa kuwa ndiye pekee aliyevaa ovaroli iliyonyooshwa. Grisi aliivumilia kama mtu anavyomvumilia mama mkwe, kwa adabu na kwa mbali. Hata hivyo alikuwa na ulimi mtamu, na wateja walimpenda.

Siku hiyo kwenye uwanja wa gereji palikuwa na gari dogo la buluu la muuguzi mmoja. Taa ya njano ya ABS ilikuwa haizimiki. Hizo ndizo breki zinazozuia magurudumu yasigande mtu akikanyaga kwa ghafla, na za gari hilo zilikuwa zimelala: mvua ilipolowesha lami, gari liliserereka kwenye mteremko likaja kusimama ukingoni mwa mtaro. Mchana huo muuguzi alitaka kumpeleka mama yake mgonjwa ng'ambo ya milima. Bwana Pasi alikuwa amempigia simu kwamba kazi imekwisha, bado usafi tu.

Mama Dekio aliwasha swichi ili ashushe vioo, kisha akaanza kufuta dashibodi. Kitambaa kikakwama. Alipoinama akaona, palepale taa ya ABS inapokaa, tone jeusi linalong'aa, dogo kama punje ya mtama. Alilikwangua kwa ukucha. Lilipobanduka, taa ya njano ikamkodolea macho.

Rangi ile aliijua. Ilikuwa rangi yake mwenyewe ya kucha, ile nyeusi anayoiweka kabatini chumbani.

 Alitoka garini akatema mate chini.

"Baba watoto! Hiki nini?"

Bwana Pasi alikuja haraka, akitazama barabarani kabla ya kumtazama mkewe. "Punguza sauti basi. Breki zinashika, nimezijaribu mwenyewe. Hiyo taa ndiyo ilikuwa inamtia wasiwasi. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu gani? Anayepita ni mama wa watu, na anapita kwenye mteremko! Kwani ulifungua ukaangalia?"

"Nilifungua." Alijifuta mikono ambayo haikuwa na kitu. "Nyuma ya kava la tairi la mbele kuna panya, mke wangu. Wamejenga humo, wamefia humo. Nilirudishia kava nikaenda kutapika. Siwezi."

Siku nyingine angecheka mpaka ashike mbavu. Leo aliitazama ovaroli yake yenye mikunjo miwili iliyonyooka, akahisi kinyaa ambacho hakuwahi kukihisi kwa kiti chochote. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema, "na hapa hata kifo chenyewe si chako."

Alipiga magoti, akalegeza kava, akaingiza mkono. Akatoa nywele, vipande vya sponji, karatasi zilizotafunwa, na panya wawili waliokuwa wameanza kuoza, mmoja akiacha ngozi yake vidoleni mwake. Nyuma yao ulining'inia waya wa sensa inayopima mwendo wa gurudumu, umegugunwa mpaka shaba. Ndio ugonjwa wote huo. Panya hawakumchukiza. Panya alitafuna waya kwa sababu Mungu alimpa meno. Huyu aliyesimama nyuma yake alipewa nini?

Muuguzi aliwasili akiwa na mto wa mama yake kwapani.

"Dada, gari lako liko..." Bwana Pasi alianza.

"Halijatengenezwa," mkewe alimkatiza. "Dada yangu, alipaka rangi juu ya taa ili usiione. Waya wenyewe huu hapa, umekatika. Usilipeleke mlimani."

Muuguzi aliutazama waya, akamtazama fundi kuanzia kola hadi viatu. Hakupiga kelele. "Na mimi nikamwambia mama, huyu fundi ni msafi," alisema. Akachukua ufunguo, akaahidi kumleta fundi mwingine alivute gari, akaondoka na mto wake.

"Umeniaibisha mbele ya mteja," Bwana Pasi alisema.

"Aibu umejipaka mwenyewe. Changu ni brashi ya rangi tu."

Alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Wakati wa kuwachukua watoto shuleni ulikuwa umefika, akaingia kwenye gari lao la nyumbani. Hilo nalo liliwahi kuwaka taa hiyohiyo ya njano. Alimlalamikia mumewe, na mumewe akalimaliza kabla chai haijapoa, naye akamsifu kwa majirani wote. Tangu hapo alikuwa akiwabeba wanawe humo, mvua kwa jua, bila kukumbuka kwamba taa hiyo iliwahi kuwepo.

Mkono ulikuwa umeshagusa ufunguo. Akauacha. Taratibu akapitisha kidole juu ya kioo cha dashibodi, na kidole kikapanda juu ya kitu kidogo, kigumu, laini.

Hakukikwangua. Alifunga mlango wa gari, akampita mumewe bila kumtazama, akaenda kuwachukua watoto kwa miguu.