Mutu wa Kuita "Iko"

Bwana yangu, mbele ya kunioa, alibebaka mufuko wa fimbo za golf za wazungu wa mine ya zahabu ku Kilo. Wazungu walipokwisha kurudia kwao, alinipeleka siku moja kuona kile kiwanja cha golf. Hakuna mutu aliyekata majani, lakini majani ilikuwa fupi. Hakuna ngombe, hakuna ndege. Akanionyesha kilima.

"Muzungu anasimama hapa. Tundu ya kuingiza mupira iko kule nyuma, haionekane. Basi mumoja wetu anatangulia kule juu. Akiona njia ya mupira ni muzuri, anaita: 'Iko!' Asipoita, muzungu hapige. Anangoja."

"Na kama ni mutu mwingine anaita?"

Hakucheka. "Ni juu ya ile tulianzaka na jina ya muzungu, kisha 'iko'. Ku kile kilima kulikuwaka sauti ingine, haikujuaka majina."

Ile ndiyo plan ya biashara niliyojifunza, mimi mwenye kusoma kidogo. Waliposema vita imekwisha, nilikuwa nakaa Shari, nikaanza kutuma chumvi na sabuni ku Iga Barrière. Kule nilikuwa na rafiki, muuza samaki mwenye kutoka upande wa Mahagi. Kila mara mbele kamio ya kubeba mizigo iondoke, ananipigia telefone: ananiita kwa jina ya mutoto yangu wa kwanza, kisha anasema, "Iko." Maana yake, njia ni muzuri, hakuna hatari.

Binti yangu alinichekaka. "Mama, weye na golf yako ya chumvi!"

Asubuhi moja mifuko yetu yote ilikuwa mu kamio, na binti amekaa juu ya mifuko. Telefone ikalia. Ilikuwa numero ya rafiki, na sauti kama yake.

"Iko, mama. Mutume."

"Niite kwanza."

Nikasikia upepo mu majani, kama ule wa Kilo.

"Iko," ikasema tena, polepole.

Nikakamata kikwembe alichovaa binti. "Shuka."

"Mama, unanipatisha haya mbele ya watu!"

Shofere akacheka. "Mama, njia imefunguka, hata kuku zinapita! Mimi sishushe mifuko tena."

"Chumvi iende. Mupira inapoteaka. Weye shuka."

Binti akashuka na kulia kwa hasira. Kamio ikaenda.

Watu waliikuta imesimama pembeni ya njia, milango wazi, chumvi yote ndani, hakuna mutu. Jina ya shofere niko nayo, na ya mama yake. Siiandike hapa, ile sauti isiijue.

Kisha rafiki yangu akafika na kitunga chake cha samaki. "Mimi kukuita? Telefone yangu ilianguka mu ziwa kisha ile mara ya mwisho niliyokuita."

Sasa biashara ni ya binti. Hanicheke tena. Ile numero bado inapigaka, sana sana siku anapakiza mizigo. Anaiweka ku sikio, anasema, "Niite kwanza."

Anasikiliza upepo. Kisha anaambia watu washushe mifuko.