Kuku wa Jiwe la Simba

"Wewe Mgogo, rudi! Hapandi mtu hapa bila kuku!"

Mzee mlinzi wa Jiwe la Simba huyo, kakaza uso kweli.

Na mi ndo mara ya kwanza Rehema amekubali kutoka na mimi 😩

Nikageuka nirudi.

Rehema akanivuta shati. "Huyo mjomba wangu, nshamwambia habari zako! Sie Wahehe watani zenu. Mjibu basi!"

Mi na kuongea mnajua hatuivi.

"Shikamoo mjomba. Jiwe la babu zetu hili, kuku lete wewe!"

Mzee akacheka mpaka kofia ikadondoka.

"Kumbe anaongea! Rehema, kesho mlete nyumbani. Aje na kuku wake."

Rehema hajakataa 🙈

Haya naondoka, wauza kuku Chang'ombe wasije wakafunga. Nibebe jogoo au tetea?