Wimbo wa Tatu

Siku hiyo uani kwetu Bariadi tulikuwa wanne: mimi, bibi akipeta karanga, mdogo wangu wa kiume, na mtoto wa mwalimu jirani aliyekuja na redio kaseti. Nimewakumbuka wote juzi, mdogo wangu, sasa mwenye mvi, alipotia simu ndani ya bakuli ili ivume. "Dada, ile albamu imetolewa upya. Wameisafisha, wameongeza na nyimbo."

Unajua miaka ile, biashara ilipoachiwa huru, kaseti zilifika hadi Dutwa, zikauzwa pamoja na mitumba. Ile ya mtoto wa mwalimu ilikuwa ya bendi ya Wazungu, hevi metali tupu, magitaa yakinguruma hadi bibi akauliza kama kiwanda cha jineri ya pamba kimehamia kwetu. Mdogo wangu aliipenda kupita michembe ya viazi vikavu. Kila jioni alikuwa kwa mwalimu, asome kwa taa yao, kisha asikilize wimbo wa tatu. Mimi niliacha shule darasa la tano wazazi walipokufa, nikambeba mgongoni, na alipokua tukawa tunaimba pamoja tukichuma pamba. Sasa alichuma huku akinguruma nyimbo za kwa watu. Nikaona wivu.

Basi siku hiyo wale wawili walipokwenda lamboni kuteka maji, niliziba matundu ya kaseti kwa pamba, kama mafundi wa sokoni walivyoziba kwa karatasi ili kaseti ikubali kurekodiwa juu yake, nikabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi. Wimbo wa tatu ukafutika wote.

Waliporudi wakawasha. Zikatoka sauti za kuku, za ungo, na bibi akiniita, "Ng'wana wane, mwanangu, lete chumvi."

"Kumbe na mimi nimo humo!" bibi akacheka.

Mtoto wa mwalimu hakucheka. "Nani kaigusa?"

Mdogo wangu alitoa kaseti, akaiona pamba, akaichomoa na kuifumbata. Hakunitazama. "Ni mimi. Nilibonyeza vibaya wakati tunaondoka."

"Basi kwetu usikanyage tena."

Hakukanyaga. Jioni zote zikawa zangu, bila taa, na mtihani wa darasa la saba ukamshinda.

Juzi nimeusikia wimbo ule mzima. Ni mzuri, nakiri. Lakini ungo ule, kuku wale, sauti ya bibi, hakuna aliyevitoa upya. Vilibaki kwenye kaseti ambayo sijui ilitupwa wapi.

"Umeukumbuka, dada?"

Nikaitikia, nikamwongezea karanga. Pamba ile hatujawahi kuitaja. Neno moja analonidai lilinifika mdomoni, nikalimeza na chai.