Bei ya Chungu ni Tumbo Lake

Nilirudi Uluguru na cheti chenye muhuri wa tai, baada ya kujisomesha mwenyewe katika shule ya Wajerumani huko pwani. Hakuna mjomba aliyenilipia. Nilichota maji na kufua nguo za walimu mpaka nikajua kusoma, kuandika na hesabu za biashara, na nasema hivi bila kuona aibu. Kijiji chetu, kwenye mteremko unaotazama Mikese, hakikuwa na mwingine kama mimi. Hata hivyo, aliyenifundisha bei ni nini hakujua herufi hata moja.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Kwetu hiyo ni kazi ya wanawake, na mwanamume haruhusiwi hata kulikaribia shimo la udongo, vyungu visije vikapasuka motoni. Alifinyanga wakati wa kiangazi, mtama ukishavunwa, akashuka navyo kichwani hadi vijiji vya bondeni. Huko bei ilikuwa moja tangu zamani: mnunuzi anakijaza chungu mtama, mfinyanzi anaondoka na mtama, mnunuzi anabaki na chungu. Kikubwa ghali, kidogo rahisi.

Nakumbuka mama mmoja wa bondeni alivyokizungusha chungu mikononi, akaguna.

“Wifi, hiki kina tumbo la mjamzito! Utanimalizia kihenge kizima.”

“Basi chukua hiki cha mboga, wifi. Wageni wakija, uwapikie kwa zamu.”

Wanawake wote wakaangua kicheko, na mtama ukamiminwa hadi mdomoni.

Mwaka niliorudi, Mama alikuwa na vyungu ishirini. Mtama wake ndio uliokuwa utulishe, yeye, wadogo zangu wawili wa kike na mimi, hadi mavuno mengine. Lakini mimi nilikuwa nimepita mjini Morogoro. Reli ilikuwa imefika, askari na wafanyakazi wanapika kila kona, na kila mtu anatafuta chungu, hela mkononi.

“Mama, hela haiozi wala hailiwi na panya,” nilimwambia.

“Na watu, wanaila?”

“Inanunua kinacholiwa.”

“Lini?”

Swali hilo nililiona dogo. Nilimwonyesha tena cheti. Alikitazama, akanitazama mimi, akanipa vyungu kumi. Kumi vingine akashuka navyo bondeni kama kawaida yake.

Niliviuza vyote asubuhi moja. Palepale sokoni nilipiga hesabu: hela zangu za shaba zingenunua mtama wa vyungu kumi na kimoja. Faida ya chungu kizima! Nilipanda mlima nikiimba, nikazifukia hela chini ya kitanda.

Masika yalikuja, kihenge chetu kikaanza kuonyesha sakafu. Nikafukua hela, nikashuka mjini kununua mtama. Mwenye duka alipima kwa kibaba kilekile cha siku zote, lakini bei haikuwa ileile.

“Mtama umeadimika, bwana mdogo. Hata mimi naula kwa wasiwasi.”

Nilirudi na kifuko.  Mama alichukua chungu cha kiasi cha vile nilivyouza, akapima. Kilijaa mara tatu na nusu.

“Ndiyo maana nilikuuliza lini,” akasema.

Shuleni nilifundishwa kwamba kitu kikiwa kichache bei yake hupanda. Nilikariri, nikapata alama za juu kuliko darasa zima. Mama hakukariri. Alikuwa ameupanga mwaka wake wote juu ya jambo hilo: anauza wakati mtama umejaa kila nyumba na mkono wa mnunuzi ni mwepesi, anakula wakati hela zimejaa mjini na mtama haupo. Sijaona mfanyabiashara wa kumzidi, na nimewaona wengi.

Pengo nililolifanya nililiziba mwenyewe. Cheti kilinipatia kazi ya ukarani kwenye ghala la stesheni siku ileile niliyoomba, na mishahara yangu ya miezi miwili ikaishia kwenye mtama wa bei ya njaa. Wadogo zangu hawakulala na njaa hata siku moja. Hilo najivunia hadi leo, ingawa najua kwamba chakula kile Mama angekipata kwa udongo na kuni tu.

Kiangazi kilichofuata nilipewa ruhusa nikapanda nyumbani. Vyungu vilikuwa vimepangwa uani. Nilimwambia mapema, asije akanionea haya:

“Mama, safari hii vyote vijazwe mtama.”

Akavitenga viwili.

“Hivi peleka mjini. Chumvi haiji kwa mtama, na wadogo zako wanataka nguo. Viwili tu, karani.”

Nikavifunga kwa majani makavu ya mgomba, nikavibeba kichwani. Njiani wanaume walinicheka kwa kubeba mizigo ya kike. Niliwaamkia wakubwa shikamoo, nikaendelea kushuka.